Dungusi la Zamu ya Usiku

Si jani. Kila mtu hukosea hapo.
Ule ubapa wa kijani, mrefu kama rula ya fundi,
wenye kingo zilizomegwa kana kwamba panya wamepita,
ni shina. Majani yenyewe liliyaacha zamani,
kama sisi wa nyumba za reli, hapa Tororo,
tulivyoacha kusikiliza treni.

Wala halina miiba ya kutajika, wala halitaki jangwa.
Kwao ni msituni, juu ya matawi ya wenzake,
mpangaji asiyenyonya damu ya mwenye nyumba:
hula kilichooza penye panda, hunywa ukungu.
Haya nilijifunza kwa kuliua la kwanza.
Nililianika uani, jua la saa saba, mkabala na Mwamba,
nikidhani dungusi ni dungusi.
Likawa njano, likawa kahawia, likawa kopo tupu.

La pili alilileta Athieno, muuguzi, jirani wa ukuta mmoja:
kipande cha shibiri ndani ya gazeti,
kutoka kwa mpishi wa misheni kule Nagongera.
"Mimi hulala mchana," akasema,
"mimea yangu hufa kwa kiu nikiwa naota. Nitunzie."

Nikakilaza kivulini siku nane, kidonda kifanye gaga.
Apandaye kidonda kibichi amepanda uozo.
Kopo la rangi la lita nne, matundu sita ya msumari,
mchanga wa mtoni, mboji ya chini ya mvule,
makapi ya kahawa ya Bugisu, mkaa uliopondwa.
Upenuni mashariki, lipate jua la asubuhi tu.
Maji? Chomeka kidole. Kikitoka kikavu, mwagia.
Kikitoka na udongo, nenda kafanye mengine.
Na usilihamishie kopo kubwa:
likibanwa ndipo hukumbuka kuchanua,
likipewa nafasi hunenepa tu
kama diwani aliyechaguliwa tena.

Mwaka wa kwanza, fimbo.
Wa pili, fimbo mbili.
Wa tatu, mvua za Aprili, kwenye pengo la ukingo,
kitu kama punje ya mtama.
Kikawa kidole, kikawa shingo, kikaning'inia,
kisha kikajikunja kuinua kichwa.
Likachanua Jumanne usiku. Athieno yuko zamu.
Alfajiri alikuta kitambaa kilichokamuliwa.
"Ndilo hili?" akauliza, akalishika kwa vidole viwili.
Septemba, zamu. Aprili nyingine, zamu.
Yeye aliyeitwa Athieno kwa kuzaliwa usiku,
usiku wake wote ameuza wodi ya wazazi.

Mwaka huu vitumba vitatu.
Sheria naijua: likishika mimba usiligeuze,
usilisogeze hata shubiri, vitadondoka.
Saa mbili usiku kimoja kikaanza kutetemeka.
Nikalifunga kopo kwa mpira wa tairi
nyuma ya baiskeli, nikakanyaga,
malori ya Malaba yakinipigia honi,
harufu ikinishika kisogoni kama mkono.

Langoni Okurut akanimulika.
"Mgonjwa yuko wapi?"
"Huyu."
Tochi ikapanda: weupe ukifunguka tabaka kwa tabaka,
nyuzi za njano zisizohesabika,
na katikati nyota moja, imesimama kwa mguu mmoja.
Akazima tochi. Sijui kwa nini alizima.
"Pita. Lakini polepole, huko wanazaa."

Athieno alitoka na glavu mkono mmoja.
Hakusema kitu. Aliinama
hadi pua ikarudi na unga wa chavua,
akavuta pumzi mara ya pili, na ya tatu,
kisha mtu akapiga kelele ndani, naye akakimbia
bila kujifuta.

Vitumba viwili vilidondoka kabla ya Ijumaa.
Sheria ni sheria.

Lakini usiku ule, nilipokuwa nafunga mpira upya,
Okurut alinisogelea, sauti chini:
"Mzee, nikatie jani moja."
"Si jani," nikamwambia,
nikipapasa mfukoni kutafuta wembe.